Sauti za Mwalimu Mkuu

Karatu tuna shule nyingi, na kila shule ina mwalimu mkuu wake. Lakini ukisema "Mwalimu Mkuu" pale mjini bila kutaja shule, watu wanajua unamsema nani. Alishastaafu zamani. Waliokalia kiti chake wamepita mmoja baada ya mwingine, na wote tumewaita kwa majina yao. Yeye cheo aliondoka nacho. Hata mkewe tukamwita Mama Mkuu, ingawa si mtawa na ana wajukuu.

Alikuwa na koti zito la kahawia alilolivaa Julai, wakati ukungu unateremka kutoka juu kwenye kreta na watu wanatembea wamejikunyata, na alilivaa vilevile siku ya mnada jua likiwaka na vumbi jekundu likiingia hadi kwenye meno. Mfuko wa kifuani ulikaa kalamu, na kati ya hizo, nyekundu haikukosekana. Wengine walidhani ni mazoea ya ualimu tu. Hapana, nyekundu alikuwa anaifanyia kazi.

Siku moja nilimkuta mbele ya hoteli iliyo karibu na stendi, amelikazia macho tangazo la karatasi lililobandikwa mlangoni: "Supu ya ngo'mbe ipo." Akatoa kalamu, akakata, akaandika upya juu yake. Mama mwenye hoteli akatoka na mwiko mkononi.

"Mzee, mbona unanichorea tangazo langu?"

"Nalisahihisha."

"Wateja wangu wanakula supu, hawali herufi."

"Sawa. Na huyo ngo'mbe uliyemchinja ni mnyama gani? Mimi namjua ng'ombe."

Yule mama alicheka mpaka akashikilia mlango. Akamkaribisha supu. Mwalimu Mkuu akakataa kuketi mpaka tangazo zima liandikwe upya, naye akasimama kando akilisubiri. Tangu siku hiyo mama yule hakubandika kitu mlangoni bila kumpelekea kwanza akisome.

Ndivyo alivyokuwa na Kiswahili. Alikipenda kama watu wa kwetu wanavyopenda ng'ombe: alikihesabu, alikilinda, akiona kimepotea kidogo hakulala. Alinifundisha darasani, na mpaka leo nikiandika "hii kitabu" mkono unasita wenyewe. Nina duka la kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza kompyuta karibu na barabara kuu, pale magari ya watalii yanapopunguza mwendo kabla ya kupanda kwenda geti la hifadhi. Nadhani nilifungua duka la maneno kwa sababu yake.

Lakini mapenzi yake yalikuwa na upande mwingine, na sisi tuliosoma kwake tunaujua. Shuleni kwake Kiiraqw kilipigwa marufuku. Kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukisikika unaongea lugha ya nyumbani, unavikwa shingoni, nawe unazunguka nacho mpaka umnase mwenzako umvike. Atakayekuwa nacho kengele ya mwisho inapolia anachapwa mbele ya mstari. Tulijifunza kunyamaza. Tulijifunza pia kuchongea.

Darasani kwetu kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyevaa ubao ule kuliko wote. Baba yake alikuwa mzee anayeitwa kwenye mikutano na misiba kuongoza slufay, yale maombi marefu ya Kiiraqw ambayo mmoja anasema na watu wanaitikia. Kwao hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Alikuja shule akiwa na maneno ya baba yake tupu, na kila alipofungua kinywa akavikwa ubao. Siku hizi ni dereva wa watalii. Ana Kiingereza, ana Kijerumani cha kutosha kuwachekesha wageni, na tangu akiwa mtu mzima sikumbuki amesalimiana na Mwalimu Mkuu zaidi ya kuinua kidole kwenye usukani, mpaka siku nitakayoieleza.

Sasa ndipo lilipokuja la kushangaza. Alipostaafu, mtu huyu aliyetufunga midomo akaanza kwenda nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiwaomba wazee wazungumze Kiiraqw.

Alikwenda na baiskeli. Kwenye mteremko aliipanda, kwenye mlima aliisukuma, na kwa kuwa nchi yetu yote ni milima alionekana zaidi akiisukuma. Alifika Endabash, alifika vijiji vya bondeni vyenye mbaazi, alifika juu Oldeani kwa watu waliochuma kahawa ya mashamba makubwa maisha yao yote. Alirekodi nyimbo za kusagia, majina ya majani, namna ya kumkaripia ndama, matusi ya kistaarabu ya mawifi. Aliporudi nyumbani alisikiliza na kuandika. Alikuwa anatengeneza kamusi.

Watu walimuuliza kwa nini, na kila mmoja alipewa jibu lake. Padri aliambiwa ni kwa ajili ya nyimbo za kanisani. Jirani aliambiwa ni kupitisha muda. Mimi aliniambia hivi:

"Tulipomzika mama yangu, mzee alisimama akaomba kwa Kiiraqw. Nikaitikia kama wengine. Halafu likapita neno nisilolijua. Likapita la pili. Nikamnong'oneza mwenzangu aliyekuwa kando, mtu wa rika langu, anitafsirie. Naye hakujua. Nikatazama watu wote pale, wazee wazima, tunaitikia. Nikasema, hili ni kaburi la pili."

Kompyuta aliletewa na binti yake, ofisi yao ilipobadilisha mashine. Ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye kioo kizito chenye kichogo nyuma. Mama Mkuu aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio, na kila jioni kilifunuliwa kwa heshima. Mwalimu Mkuu aliandika kwa kidole kimoja, akitaja kila herufi kwa sauti, kiasi kwamba mkewe alisema anaishi na mtoto wa darasa la kwanza.

Sauti nazo alizihamishia humo, na kwenye kinasa hakuziacha. Majina aliyoyapa mafaili yake yalikuwa hadithi nzima. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba jina la faili linaweza kuwa fupi. "Bibi wa bondeni aliyenipa ugali wa moto lakini akakataa nisiketi kwenye kiti cha marehemu mumewe." "Mzee anayejua majina ya nyuki, amelewa kidogo, rudi asubuhi." Nilimwambia kompyuta itachoka. Akanijibu, "Mtu amenipa sauti yake, nami nimnyime sentensi moja?"

Kisha mashine ikagoma. Iliwaka, ikaonyesha maandishi meupe kwenye weusi, ikakaa hapohapo. Badala ya kuja kwangu akamwita kijana mmoja aliyekuwa anapita kijijini kutengeneza simu na redio. Kijana akafanya wanachofanya wengi: akapiga windo upya, yaani akaiwekea programu mpya ya kuiendesha. Kompyuta ikafunguka nzuri, safi, yenye picha ya majani mabichi. Haikuwa na kitu ndani.

Mwalimu Mkuu hakupiga kelele. Alikaa mbele yake akaanza kamusi upya, herufi ya kwanza, kwa kichwa. Aliandika kwa siku nyingi. Mama Mkuu ndiye aliyekuja dukani kwangu baada ya ibada, akasema, "Mwanangu, mzee wako hali chakula. Anaandika tu. Njoo umwone, au nikuletee hiyo mashine."

Mwalimu Mkuu akaileta yeye mwenyewe siku iliyofuata. Alikuja na bodaboda mbili: ya kwanza kapakiwa yeye amekumbatia boksi la kompyuta lililofungwa kwa blanketi, ya pili ina kile kioo kizito. Nikamwambia nilihitaji diski tu, kipande kinachotosha kwenye kiganja.

"Nitajuaje sauti zimekaa wapi?" akasema. "Nimekuletea nyumba nzima."

Niliifungua mbele yake. Nilipoitoa ile diski akainama akaitazama kwa muda, akaniuliza kama anaweza kuishika. Aliishika kwa mikono miwili.

"Wote wako humu?"

"Walikuwamo, Mwalimu. Tutaona waliobaki."

Ilibidi nimweleze, na sikuipenda kazi hiyo. Nilimwambia kwamba kupiga windo hakufuti kila kitu papo hapo. Mashine inasahau tu ilipoweka vitu, kama ghala ambalo milango yake imeng'olewa vibao vya majina. Mizigo ingali ndani. Lakini ukianza kuingiza mizigo mipya, inakaa juu ya ile ya zamani, na iliyokaliwa hairudi.

Mwalimu ni mwalimu. Alishafika mwisho wa maelezo kabla yangu.

"Kwa hiyo siku zote zile nilizokuwa naandika upya..."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikuwa nafuta."

Akavua kofia yake, akaiweka magotini, akawa anaipapasa ukingo wake wote kuzunguka. Kisha akasema, kwa sauti ile ya darasani, "Endelea na kazi, binti. Usiniangalie mimi."

Niliiunganisha ile diski kwenye kompyuta yangu kwa kebo, nikaanzisha programu ya kutafuta yaliyopotea. Inakwenda polepole. Unaona mstari wa kijani unatambaa, na huwezi kuuharakisha. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye benchi la wateja siku nzima. Alisahihisha barua ya mtu aliyekuja kuomba kazi. Alimweleza mteja mwingine tofauti ya "kodi" na "kodisha" bila kuulizwa. Jioni ikafika, mafaili yakaanza kupangika kwenye kioo.

Yalirudi mengi. Kamusi ilirudi vipandevipande, kurasa nyingine zikiwa visanduku vitupu. Sauti zilirudi zaidi ya nusu. Lakini hakuna hata moja iliyorudi na jina lake. Yale majina yote marefu yalikuwa yamekwenda, na mahali pake kulikuwa na namba tupu. Tukifungua moja, mwanamke anaimba. Nani? Wapi? Tukifungua nyingine, mzee anakohoa na kutaja mimea. Mwalimu Mkuu aliwatambua wachache. Wengine aliwasikiliza amefumba macho, akatikisa kichwa. Alikuwa ametembelea nyumba nyingi mno, na kumbukumbu yake alikuwa ameikabidhi kwa yale majina.

"Wamerudi kama wakimbizi," aliniambia. "Hawana hata karatasi."

Akawa anakuja kila asubuhi. Niliwasha spika, naye akasikiliza, na biashara yangu ikaendelea kwa muziki huo. Wateja wa Kiiraqw walisimama kidogo, wakacheka, wakaondoka. Mimi niliyezaliwa humohumo nilielewa nusu, nikajifanya naelewa yote.

Asubuhi moja Dereva, yule mwenzetu wa ubao, akaingia kutoa kopi za vibali. Gari lake lilikuwa nje, wageni ndani yake wamevaa kofia za turubai, wanatazama saa. Alipomwona Mwalimu Mkuu kwenye benchi akamwinulia kidole kama kawaida, akanipa karatasi. Kwenye spika faili moja likaisha, lingine likaanza. Sauti ya mzee, nzito, inapanda na kushuka, na nyuma yake watu wanaitikia.

Dereva akageuka.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni ya Mwalimu.

"Huyo ni baba."

Mzee kwenye spika alikuwa anaombea mvua. Neno hilo nalijua, *tluway*, na nililisikia likirudi na kurudi. Baba yake alikuwa amefariki Dereva akiwa Serengeti na wageni. Alifika siku ya kuzika.

Akamwendea Mwalimu Mkuu, akasimama mbele yake. Hakumwamkia.

"Ulikwenda kwetu?"

"Nilikwenda."

"Baba alikukaribisha?"

"Alinikaribisha. Alinipa maziwa."

"Alijua kama ni wewe uliyekuwa unanivika ubao?"

"Alijua. Nilimwambia mwenyewe, kabla sijawasha mashine."

"Akasemaje?"

"Akasema atazungumza, kwa sharti moja. Nikishamaliza, nikupe wewe usikie. Alisema wewe huwa hukai ukasikiliza, uko njiani kila siku."

"Mbona hukunipa?"

"Nilikuwa nikiona gari lako napita upande wa pili. Sikuweza kukutazama usoni."

Nje, mgeni mmoja akapiga honi kidogo, kwa adabu. Mwalimu Mkuu akainuka. Alikuwa ameanza kuwa mzito, akashika ukingo wa meza yangu. Akavua kofia.

"Nilikukosea," akasema. "Ulikuja shuleni na lugha ya baba yako, safi, kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Mimi nikakutia kamba shingoni kama mbuzi wa mnadani. Nilidhani nakusaidia. Nilikosea."

Nimewahi kusikia wakubwa wakiomba radhi. Husema "kama kuna mtu niliyemkwaza". Huyu hakuweka "kama".

Dereva alitoka nje, nikasikia mlango wa gari ukifungwa, nikadhani ameondoka bila kopi zake. Mwalimu Mkuu alibaki amesimama, kofia mkononi. Kisha Dereva akarudi. Alikuwa amekwenda kuwaambia wageni wanunue ndizi, watachelewa kidogo.

"Rudisha mwanzo," akaniambia.

Nikarudisha. Akasikiliza ameegemea mashine ya kopi, mikono kifuani. Mahali fulani kwenye ile rekodi sauti ya Mwalimu Mkuu inaingia katikati, inauliza neno linaandikwaje. Dereva akasema, bila kugeuka, "Hapo unamkatiza mzee."

"Ni kweli," Mwalimu Mkuu akasema. "Namkatiza."

"Usimkatize mtu anayeomba mvua."

"Sitarudia."

Nikacheka, nikajuta, kisha nikamwona Dereva naye mdomo unamcheza.

Sitasema walikuwa marafiki. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokuwa hana safari, Dereva alipita dukani. Alijua vijiji vyote, na alikuwa na sikio: kwa lafudhi tu alisema huyu ni wa Mbulumbulu, huyu ameolewa kutoka Mbulu, huyu mama nilimbeba kwenda hospitali na mtoto wake. Alipiga simu kwa watoto wa wale wazee. "Hebu sikiliza hapa, huyu si bibi yako?" Wengine walilia kwenye simu. Mmoja alikuja kwa miguu kutoka mbali, akaweka flashi yake mezani, akasema anataka sauti ya mama yake, na wimbo mwingine wowote utakaoingia. Mafaili yakaanza kupata majina tena, na Mwalimu Mkuu akaniamuru yawe marefu kama zamani.

Hakuacha ukali. Dereva alipoandika jina la kijiji kwa herufi ndogo, kalamu nyekundu ilitoka mfukoni kuelekea kwenye kioo cha kompyuta yangu, nikaidaka hewani.

Yaliyofutwa hayakurudi. Tulijaribu tena na programu nyingine, na mstari wa kijani ulitambaa mpaka mwisho bila kuleta kitu. Siku hiyo alinishukuru, akasema, "Basi. Tusiisumbue." Akaacha kuja. Nikasikia kwamba miguu inamuuma, kwamba baiskeli ameigawa, kwamba amelazwa siku kadhaa kisha akarudi nyumbani.

Mara ya mwisho kukaa naye kutwa nzima ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno. Alinipigia simu, akaniuliza kama ninajua kuendesha gari la kaka yangu vizuri au vibaya. Nikasema vizuri kiasi. Akasema nimpeleke Oldeani.

Njia ile ni mbaya, na kila shimo aliliita jina. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa juu yake. Magotini alikuwa na kinasa sauti ndani ya soksi ya sufu. Tulifika kwenye nyumba iliyo mwisho wa mashamba ya kahawa. Nje, mwanamke mzee sana alikuwa ameketi kwenye ngozi, mbele yake rundo la mahindi, anapukuchua. Mwalimu Mkuu akamwamkia kwa Kiiraqw, akamwita *aama*, bibi, ingawa yeye mwenyewe mvi zilishamjaa. Yule bibi akamtazama kutoka viatu kwenda juu.

"Wewe si ulishakuja? Nilikwambia yote."

Akamweleza. Alimweleza kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kumwona nao, kwamba yale aliyompa yamepotea, kwamba kosa ni lake, ameyafuta kwa mkono wake, na kwamba amekuja kumwomba ayaseme tena.

Bibi aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye ngozi.

"Yale siyakumbuki," akasema. "Niliyasema siku ile kwa kuwa yalikuwa yamekuja. Leo yamekuja mengine."

Namjua Mwalimu Mkuu. Ni mtu wa kufuata mstari, wa kurudia somo mpaka liingie kama lilivyoandikwa. Nilimtazama nikisubiri ambane, amwambie aanze na ule wimbo, ule wa kusagia, ubeti wa kwanza.

Akageuka kwangu. "Nisaidie niketi."

Nikamshika mkono, akashuka taratibu mpaka chini, koti lote, kwenye ukingo wa ngozi. Akakiweka kinasa sauti kati yao, akakiwasha. Bibi akamsukumia gunzi lenye mahindi kifuani.

"Huwezi kukaa hapa mikono mitupu," akasema.

Akaanza kuzungumza. Maneno mengi hayakunifikia. Mwalimu Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa upande wake, vidole vyake vya chaki vinahangaika na punje, moja moja, na kila aliposhindwa kung'oa bibi alimnyang'anya gunzi, akalimaliza yeye, akampa lingine, bila kukatiza hadithi. Naye hakuuliza neno hata moja linaandikwaje.